Damu Nyingi Wakati wa Kujifungua na Tezi Ndogo ya Kichwani

Leo tunasoma habari ya tezi moja ndogo sana. Iko ndani ya kichwa, nyuma ya pua, chini ya ubongo. Imekaa katika kishimo kidogo cha mfupa. Ukubwa wake ni kama punje ya kunde. Uzito wake ni kama nusu gramu. Lakini tezi hiyo ikiharibika, mwanamke hukosa maziwa. Hukosa hedhi. Hukosa mimba. Na siku nyingine hufa kwa homa ambayo jirani yake aliugua siku tatu akapona.

Tezi hiyo inaitwa pituitari. Tulisome neno hilo polepole: pi-tu-i-ta-ri.

Nimechagua somo hili kwa sababu katika vijiji wako akina mama wenye ugonjwa wa tezi hii, nao hawajui kwamba ni ugonjwa. Mama kama huyo alijifungua miaka sita iliyopita. Alitokwa damu nyingi, akazimia, akamwagiwa maji, akazinduka. Watu wakamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi. Wengine husema amefungwa kizazi. Wengine husema ni chango. Mume amekwisha oa mke wa pili. Dawa za mitishamba amekunywa za kutosha kujaza debe. Na katika watu wote hao hakuna aliyemwuliza swali hili moja: "Mama, ulipojifungua ulitokwa damu kiasi gani?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

KAZI YA TEZI HII

Mwili wa mtu ni kama kijiji. Kijiji kina vitongoji vyake, na kila kitongoji kina kazi yake. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kulima mashamba yote yeye mwenyewe. Huandika barua. Barua ikifika kitongojini, watu hutoka na majembe. Barua isipofika, watu hukaa wakingoja, hata kama majembe ni mazima na shamba ni zuri.

Pituitari ni kama mwenyekiti huyo. Barua zake huitwa homoni. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi, kikasafiri katika damu, kikapeleka amri mahali pengine mwilini.

Barua moja huenda kwenye matiti na kusema, "Tengenezeni maziwa." Hiyo inaitwa prolaktini. Barua mbili huenda kwenye ovari. Ovari ni mahali mayai ya uzazi ya mwanamke yanapokomaa, nazo ni mbili, moja kila upande wa mfuko wa uzazi. Barua hizo husema, "Komazeni yai. Sasa litoeni." Barua nyingine huenda kwenye tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba huitwa rovu. Tezi hiyo ya shingoni ndiyo inayoupa mwili joto na nguvu za kutembea. Na barua nyingine huenda kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Hizo hutengeneza homoni ya kuustahimilisha mwili wakati wa homa, jeraha au njaa. Homoni hiyo inaitwa kotizoli.

Ishike hiyo ya mwisho, kotizoli, maana tutairudia. Ndiyo yenye kuua ikikosekana.

KWA NINI KUTOKWA DAMU HUHARIBU TEZI YA KICHWANI

Watu wengi huuliza: damu imetoka chini, kichwa kinahusikaje?

Mwanamke anapobeba mimba, pituitari yake hukua. Inajiandaa kwa kazi ya maziwa. Ikisha kukua inahitaji damu zaidi kuliko zamani. Lakini mishipa inayoipelekea damu ni myembamba, na damu hupita humo bila nguvu nyingi. Mfano wake ni shamba la bondeni linalopata maji kwa mfereji mdogo. Shamba limepanuliwa, mfereji ni ule ule. Maji yakipungua mtoni, shamba hilo ndilo la kwanza kukauka.

Basi mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, nguvu ya damu hushuka mwili mzima. Ubongo huendelea kupata kidogo. Moyo huendelea. Lakini ile tezi iliyokua hukosa damu, na sehemu yake hufa. Sehemu iliyokufa haioti tena. Mama mwenyewe anaweza kupona na kusimama, kumbe mwenyekiti wake wa barua amezimika.

Mwaka 1937 daktari mmoja Mwingereza, Harold Sheehan, aliandika habari ya jambo hili. Alikuwa akichunguza maiti za akina mama waliokufa baada ya kuzaa, katika hospitali ya wazazi mjini Glasgow. Akaona kwamba wale waliotokwa damu nyingi tezi zao zilikuwa zimekufa. Kwa sababu hiyo ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa Sheehan. Siku hizi katika nchi tajiri hauonekani mara nyingi, kwa kuwa huko mama akitokwa damu huongezewa damu upesi. Hauna habari na rangi ya mtu wala kabila lake. Unafuata mahali ambapo damu hutoka nyingi na msaada huchelewa. Ndiyo maana unatuhusu sisi wa vijijini kuliko watu wa mjini.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza huonekana katika wiki ile ile ya kujifungua. Matiti hayajai. Mtoto hunyonya, hulia, hunyonya tena, hakuna kitu. Mama hupewa uji, hupewa supu, hupewa karanga, lakini matiti hubaki yamelala.

Hapa niseme jambo, watu wasije wakaogopa bure. Maziwa kuchelewa siku mbili tatu ni kawaida. Mama aliyechoka, au ambaye mtoto hajawekwa vizuri kwenye titi, anaweza kuchelewa pia. Lakini mama aliyetokwa damu nyingi, kisha maziwa yasitoke kabisa, huyo asingoje. Aje zahanati.

Dalili ya pili ni hedhi kutorudi. Kila mama anajua kwamba akinyonyesha, siku zake huchelewa, pengine mwaka mzima au zaidi. Hiyo si ugonjwa. Lakini huyu hanyonyeshi, maana maziwa hayapo. Mwanamke asiyenyonyesha hedhi yake hurudi katika miezi mitatu hivi. Ikipita miezi mitatu, naye hanyonyeshi wala hana mimba wala hatumii dawa ya uzazi wa mpango, yafaa achunguzwe.

Dalili ya tatu watu huona haya kuisema. Nywele za kwapani na za sehemu za siri hupungua, au zikinyolewa haziоti tena. Mimi ni kijana, na nimeona kwamba mama aliye sawa na mama yangu mzazi hawezi kuniambia habari hiyo hata nikimwamkia shikamoo mara kumi. Simlaumu. Mama kama huyo na amwambie nesi mkunga, naye nesi ataniandikia. Lakini asiifiche, kwa sababu dalili hiyo humsaidia sana mganga kuutambua ugonjwa.

Kisha zipo dalili zinazokuja polepole, mwaka baada ya mwaka. Mama huchoka. Jembe alilokuwa akilishika asubuhi mpaka saa sita, sasa analishika nusu saa tu. Husikia baridi wakati wenzake wanatafuta kivuli. Ngozi yake hukauka na kupata mikunjo myembamba. Hamu ya chakula hupungua. Akisimama ghafla huona kizunguzungu, kwa kuwa presha yake iko chini. Hamu ya tendo la ndoa huisha. Hapo mume hudhani mkewe amemchoka, na mawifi husema ni mvivu. Si mvivu. Tezi ya shingoni na tezi za juu ya figo hazijapata barua.

Dalili hizi zinaweza kuja mara moja, lakini mara nyingi huchukua miaka. Wako wanawake waliokaa na ugonjwa huu zaidi ya miaka kumi kabla ya kutambuliwa.

Nisisitize tena: si kila mwanamke aliyekosa hedhi ana ugonjwa wa Sheehan. Kuna mimba. Kuna upungufu wa chakula. Kuna ukomo wa hedhi kwa umri. Kuna magonjwa mengine mengi. Wala si kila ndoa isiyopata mtoto kosa liko kwa mke. Mwanamume naye hupimwa mbegu zake. Kazi ya kutenganisha haya ni ya hospitali. Kazi yako wewe ni kuja na kusema.

HOMA INAYOUA

Sasa turudi kwenye kotizoli. Mtu mzima wa afya akipata malaria au kuhara, pituitari yake hupiga mbiu. Tezi za juu ya figo humwaga kotizoli nyingi, na mwili husimama imara. Mama mwenye ugonjwa wa Sheehan hana wa kupiga mbiu. Siku za kawaida anajikokota. Siku ya homa anaanguka. Hutapika, presha hushuka, sukari ya damu hushuka, huchanganyikiwa, huzimia. Asipopata dawa yake anaweza kufa siku hiyo hiyo. Watu wa nyumbani husema ni malaria kali, au husema karogwa.

Dawa ya kumwokoa ni sindano ya haidrokotizoni, miligramu 100, pamoja na dripu ya maji ya chumvi na sukari. Ndugu wa mgonjwa hawatajua hayo kama hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo, mama akisha kutambuliwa kuwa na ugonjwa huu, habari hiyo iandikwe kwenye kadi yake kwa maandishi makubwa, na mume wake, au dada yake, au mtoto wake anayejua kusoma, aisome mpaka aishike. Hapo ndipo kisomo kinapookoa maisha. Mtu aliyezimia hawezi kujieleza. Kadi itamsemea.

MATIBABU

Zahanati haina kipimo cha homoni. Zahanati inaweza kupima presha, sukari, wingi wa damu, malaria na mimba. Ikiona dalili hizi itakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, nayo itakupeleka mbele, hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda. Hapa Tanzania hospitali kama Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, na Muhimbili Dar es Salaam zinapokea wagonjwa wa namna hii. Huko watapima homoni katika damu, na wakiweza watapiga picha ya kichwa kwa mashine. Picha hiyo haiumi.

Tezi iliyokufa haifufuki. Hilo tuliseme wazi. Lakini barua zake zinaweza kuandikwa upya kwa dawa.

Kwanza hutolewa dawa badala ya kotizoli, yaani vidonge vya haidrokotizoni au prednisoloni. Ikisha kutulia, ndipo hutolewa thairoksini, dawa badala ya homoni ya tezi ya shingoni. Utaratibu huo una maana yake. Thairoksini huuamsha mwili ufanye kazi kwa haraka. Ukiamsha mwili usio na kotizoli ni kama kumkimbiza punda asiyekula. Huanguka. Basi mgonjwa asinunue thairoksini dukani kwa kuwa jirani mwenye rovu ilimsaidia.

Vidonge hivi ni vya maisha yote. Akipata homa, mama huongeza kipimo cha haidrokotizoni, mara nyingi mara mbili ya kawaida, kama daktari alivyomwelekeza, mpaka homa iishe. Akitapika vidonge, aende kuchomwa sindano. Asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya kujisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anakunywa.

Kisha kuna dawa ya tatu, na hii huwashangaza watu. Daktari anaweza kumpa mama homoni za kike, na pengine huzitoa kwa vidonge vile vile vya majira tunavyovijua. Mama hurudi nyumbani amekasirika: "Nimekwenda kutafuta mtoto, nimepewa dawa ya kuzuia mtoto!" Mume naye hununa. Lakini daktari hajakosea. Ovari zake zimelala, kwa hiyo hakuna mimba ya kuzuiwa. Vidonge vinampa homoni ambazo ovari zingempa, ili mifupa isiwe dhaifu na mfuko wa uzazi usinyauke. Siku ya kutafuta mimba ikifika, vidonge hivyo husimamishwa.

JE, ATAPATA MTOTO TENA?

Hili ndilo swali ambalo kila mama huuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama atakufa.

Jibu ni kwamba inawezekana. Kwa wachache, sehemu ya tezi imebaki hai, nao hushika mimba wenyewe. Kwa wengi inahitajika msaada. Mfuko wa uzazi ni mzima. Ovari ni nzima, mayai yamo ndani. Kinachokosekana ni barua. Basi daktari huzileta barua zenyewe kwa sindano.

Sindano hizi zilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Mwanamke akifika ukomo wa hedhi, ovari zake huacha kujibu. Lakini pituitari haijui. Huendelea kuandika barua, na kwa kuwa hajibiwi huandika nyingi zaidi, kama mwenyekiti anayepigia kelele kitongoji kilichohama. Barua hizo zisizo na kazi hutoka katika mkojo. Kwa hiyo wataalamu wa Italia walikusanya mkojo wa watawa wazee wa Kikatoliki waliokuwa wamepita umri wa kuzaa, wakautoa ndani yake homoni za kukomaza mayai. Mwaka 1962 huko Israel alizaliwa mtoto wa kwanza kwa dawa hiyo, kwa mama ambaye ovari zake zilikuwa hazipati amri. Siku hizi homoni hizo hutengenezwa pia viwandani bila mkojo.

Mama huchomwa sindano hizo kila siku, kwa siku kumi hata ishirini. Daktari hutazama ovari kwa picha ya utrasaundi aone mayai yanakuaje. Yai likikomaa, hutolewa sindano nyingine ya kulitoa. Baada ya hapo mke na mume hukutana kama kawaida.

Kazi hii si ya zahanati, wala si ya duka la dawa. Mayai yakikomaa mengi kwa pamoja, mama anaweza kubeba mapacha au hata watatu. Ovari zinaweza kuvimba mpaka tumbo likajaa maji. Tena ni matibabu ya gharama kubwa, na hupatikana katika miji michache tu. Siyo kila anayetibiwa hushika mimba, na umri ukipita miaka 35 nafasi hupungua. Nasema haya ili mtu asiuze ng'ombe wote kwa ahadi ya mtu yeyote.

Na kuna vidonge viitwavyo klomifeni. Watu huambiana dukani kwamba ni dawa ya kupata mimba. Kwa wanawake wengine ni kweli. Lakini klomifeni hufanya kazi kwa kuisukuma pituitari iandike barua nyingi. Tezi iliyokufa haisukumiki. Mama wa ugonjwa wa Sheehan akinunua klomifeni, mara nyingi amepoteza fedha zake.

Jambo moja la lazima: mimba isitafutwe kabla vidonge vya kotizoli na thairoksini havijakaa sawa. Mimba ni kazi nzito kwa mwili. Akisha kushika mimba, kipimo cha thairoksini huhitaji kuongezwa, na miezi ya mwisho hata haidrokotizoni inaweza kuongezwa. Siku ya kujifungua mama huchomwa haidrokotizoni, kwa sababu uchungu wa kuzaa ni kazi kubwa kuliko homa. Kwa hiyo mama huyu hajifungulii nyumbani, wala hajifungulii zahanati. Hujifungulia hospitali yenye damu ya kuongeza na chumba cha upasuaji. Yafaa asogee karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zake. Na mapema familia ijue kwamba maziwa yake huenda yasitoke tena. Wapange na nesi namna ya kumlisha mtoto kwa kikombe safi, siyo chupa, na siyo maji ya uji.

MAZIWA YANAYOTOKA BILA MTOTO

Ugonjwa mwingine wa pituitari ni kinyume cha huo. Hapa maziwa hutoka na mtoto hayupo. Mwanamke hajazaa, au mtoto wake ameacha kunyonya zamani, lakini akikamua titi maziwa hutoka. Hedhi imekatika au inarukaruka. Mimba haishiki. Kijijini mwanamke huyo husemwa vibaya, eti ametoa mimba kwa siri. Hayo ni maneno ya kuumiza mtu bure.

Mara nyingi kisa ni uvimbe mdogo kwenye pituitari unaotengeneza prolaktini nyingi mno. Karibu wote si saratani. Mwili unadanganywa kwamba kuna mtoto anayenyonya, basi unazuia yai lisikomae, kama kwa mama anayenyonyesha kweli. Dawa nyingine nazo zinaweza kuleta hali hiyo, kama vile baadhi ya dawa za ugonjwa wa akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Kwa hiyo njoo na pakiti za dawa zako zote. Ila usiache dawa ya akili kabla ya kuonana na aliyekuandikia.

Ugonjwa huu una matibabu mepesi kuliko ule wa kwanza. Vidonge vya bromokriptini hunywewa kila siku, na vya kabergolini hunywewa mara moja au mbili tu kwa wiki. Wanawake wengi wanaovitumia hedhi yao hurudi na uzazi hurudi. Tena wengine hushika mimba kabla hata hawajaona hedhi ya kwanza. Basi kama hutaki mtoto sasa, mwambie nesi mapema.

Mimba ikishika, kwa kawaida daktari husimamisha vidonge. Uvimbe ulio chini ya sentimeta moja mara nyingi hautoi taabu. Katika wanawake 100 wenye uvimbe mdogo, ni kama wawili au watatu ambao uvimbe wao hukua wakati wa mimba mpaka ukaleta dalili. Uvimbe mkubwa ni wa kuangaliwa zaidi. Mjamzito huyo akiumwa kichwa kisichopoa, au akaona watu na vitu vya pembeni vinapotea machoni, aende hospitali siku hiyo, asingoje kliniki ya mwezi ujao.

KUZUIA

Uvimbe hatuwezi kuuzuia. Ugonjwa wa Sheehan tunaweza, kwa kuzuia damu isitoke nyingi.

Mama mjamzito ahudhurie kliniki na anywe vidonge vya kuongeza damu, maana aliye na damu kidogo hana cha kupoteza. Ajifungulie mahali penye mkunga. Mara mtoto akitoka, mkunga humchoma mama sindano ya oksitosini ili mfuko wa uzazi ujikaze na mishipa ijifunge. Pasipo sindano, kuna vidonge vya misoprostoli. Mtoto awekwe kwenye titi mapema, kwani kunyonya nako hukaza mfuko wa uzazi. Akina mama wakubwa wanaosaidia wenzao, msivute kondo la nyuma kwa nguvu.

Damu ikifika nusu lita, yaani kama vikombe viwili vya chai, hiyo ni nyingi. Kama kitambaa kinalowa kabisa ndani ya dakika tano, msihesabu tena vikombe. Tafuteni gari. Wakati mnangoja, mwambieni mama akojoe, sugueni tumbo chini ya kitovu mpaka mfuko uwe mgumu kama mpira, mlazeni, mfunikeni apate joto. Watu wawili wenye afya wafuatane naye kwa ajili ya kutoa damu. Gari lijulikane kabla ya siku ya uchungu, pamoja na namba ya simu ya mwenyewe.

Na mama aliyepona baada ya kutokwa damu vile, baada ya wiki sita arudi zahanati hata kama hana homa. Aseme hivi: "Nilitokwa damu nyingi. Maziwa yangu yametoka, au hayakutoka. Hedhi yangu imerudi, au haijarudi." Maneno hayo matatu yanatosha kuanzia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Mwanamke alijifungua miaka minne iliyopita, akatokwa damu mpaka akazimia. Hakunyonyesha. Sasa ana malaria, anatapika, na mikono yake ni baridi. Mtamwambia nini mganga wa zahanati?

2. Kwa nini klomifeni haimsaidii mama huyo, na sindano za homoni zinaweza kumsaidia?

3. Katika kijiji chenu, mama akitokwa damu usiku wa leo, nani ana gari, na ni nani wawili watakaokwenda kutoa damu?